Gilasi Nne za Ancilla

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Baba Grâce amechimba tena. Leo si nyuma ya nyumba — katikati ya shamba! Maharage yenye maua yote chini. Nikamuuliza sababu. Eti anatengeneza fasi ya kujificha, watu wanakuja. Watu gani? Wale wa kule nyumbani Fizi, tuliowakimbia. Huyu ndiye Anselme wangu, aliyekuwa anaimba akipalilia. Jirani Uwera amepeleka jina lake kwa mwanasaikolojia wa kituo cha afya bila kuniuliza. Kiherehere!

Jumanne, 29 Aprili
Uwera anasema ni matibabu tu, na mficha maradhi kilio kitamfichua. Sawa, mwalimu. Lakini hapa Juru, kambi ya wakimbizi, kila anayekuja na karatasi na maswali tunajua ni mambo ya ndege ya kutuhamishia ng'ambo, na mgonjwa wa kichwa habebwi. Miaka tisa tunangoja. Nimemfundisha Anselme majibu: nalala vizuri, nakula vizuri, siogopi kitu. Tumerudia mpaka Grâce naye amekariri.

Jumatano, 30 Aprili
Mwanasaikolojia ni Mnyankole, mwenyeji wa huku, anaitwa Ancilla. Baba yake alikuwa askari, amekulia kambi ya jeshi ya Makenke. Kiswahili chake cha kijeshi, uso mpole. Karatasi yake ina picha ya gilasi nne: tupu, robo, nusu, iliyojaa. Anauliza jambo la wiki mbili zilizopita, mtu anaonyesha gilasi: tupu ni hapana, iliyojaa ni kila mara. Unashtukashtuka? Tupu. Unasikia sauti? Tupu. Unawaza kufa? Tupu — haraka hivyo! Nilijivuna, Mungu anisamehe. Ancilla alikuwa ananiangalia mimi. Akasema kwa majibu haya hana cha kuanzia, turudi baada ya mwezi.

Jumapili, 4 Mei
Tumetoka misa, shimo limefika kifuani. Anselme aliingia humo na Grâce, akamziba mdomo asisikike. Mtoto wa miaka sita! Tulimtoa mimi na Uwera. Mtoto anakohoa udongo, baba yake anatuomba tunyamaze. Mimi ndiye niliyeharibu. Sijui nifanye nini.

Jumatatu, 5 Mei
Nimeenda kituoni peke yangu. Nikamwambia Ancilla yote, hata kukariri. Nilitegemea anifukuze — kwenye usaili wa ndege ukibadilisha neno wewe ni mwongo, basi. Hakunifukuza. Alieleza kwamba zile gilasi hazitoi jina la ugonjwa, zinaonyesha tu pa kuuliza. Lazima amsikilize Anselme, anisikilize mimi, aangalie anavyokaa. Na daktari wa Mbarara apime damu, maana hata homa inaweza kumchanganya mtu. Nikauliza kuhusu ndege. Akasema hiyo si kazi yake, haijawahi kuwa. Ningeuliza wiki iliyopita!

Alhamisi, 8 Mei. Mbarara, hospitali
Tumetoka Juru alfajiri, gari la kituo. Njiani, kuanzia Kabingo, Anselme alikuwa amejikunja chini ya kiti. Damu wameshachukua. Halafu chumba kidogo, Ancilla na karatasi yake. Akaniuliza mimi kwanza. Nikasema kweli mbele ya Anselme: shimo, mtoto, watu wasioonekana. Anselme alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia kabisa. Kisha:

"Docteur, huyu bibi yangu anataka mi nibakie. Ye apande ndeke na mtoto. Juzi alinifundisha niseme niko muzima, leo anasema niko mugonjwa."

Na nusu yake ni kweli! Ancilla hakusema anamwamini nani. Aliniomba nitoke.

Niko kwenye benchi, mbele ya mlango. Umeachwa wazi, Anselme hataki kufungiwa. Naandika hapahapa. Namsikia Ancilla: "Wiki mbili hii, wewe naogopa namna gani?" Kidole cha Anselme kinatembea — gilasi iliyojaa! Ameyaacha majibu yangu yote. Asante Mungu, sasa watamtibu.

Ancilla tena: "Wewe naogopa nani?"

Kidole kimetoka kwenye karatasi. Kimenyooka huku mlangoni, nilipo. Nimegeuka kuangalia nyuma yangu. Hakuna mtu.