Mhuri wa Pilau

Jumatatu, 3 Februari 2025

Muadh amekufa. Shemeji wetu wa vichekesho. Gari, jana jioni, pale Kerege, akirudi kutoka kwenye onyesho Dar. Mzee Issa, dereva wa ofisi, ndiye aliyeniambia nikiwa nafungua dirisha la masijala. Machozi yanamtoka na hajali anayemwona. Vichekesho vyote vya Muadh anavijua kwa moyo, hata pale pa kukohoa.

Wamezika baada ya Adhuhuri. Watu sita waliomba ruhusa. Mimi sikuomba. Bwana Abdulwahab, mkuu wetu, angeuliza: ulikuwa unamjua? Nikabaki napanga majalada yaliyokwisha pangwa.

Nilimjua. Mwaka jana alikuwa akifuatilia jalada la kiwanja cha baba yake. Alikuja mara kumi na moja, akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu. Mkuu yupo? Hayupo. Mhuri upo? Anao mkuu. Basi tukawa tunazungumza. Zaidi nilizungumza mimi — mimi nisiyezungumza na watu.

Jumanne, 4 Februari

Baada ya kazi nimekwenda matangani, upande wa wanawake. Mashabiki wamekuja mabasi mawili kutoka Dar. Jukwaani Muadh alimwita kila mtu shemeji, kwa hiyo nao hujiita mashemeji. Wakawa wanapanga mstari kumpa mkono baba yake: pole mzee, mimi shemeji. Na mimi shemeji, wa Mbagala. Mzee wa watu, muuza misumari na mabati, hajawahi kukanyaga ukumbi aliochekeshea mwanawe. Kavumilia, kavumilia, mwisho akauliza:

"Mimi nina binti mmoja tu. Hawa wote wamemuoa lini?"

Uwanja mzima ukacheka, na mzee alipoelewa akalia. Huyo binti mmoja, Ghalia, alikuwa kakaa ubavuni kwangu. Alicheka mpaka akaniangukia begani, akawa halii wala hacheki.

Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia simu. Kila mkono una simu, kila simu ina Muadh. Nilikuwa naisubiri video inayonihusu.

Jumatano, 5 Februari

Imefika. Kundi la WhatsApp la kazini, kaituma mtu wa mapokezi, na vikaragosi vya kulia. Ni ya Oktoba, ukumbi mdogo, watu hawakuzidi arobaini. Leo imetazamwa mara laki mbili.

Ni ile ya harusi ya Chalinze. Mkuu mmoja hamwamini mtu na mhuri wake, hata harusini anakwenda nao, kaufunga ndani ya soksi. Mzee wa Makurunge aliyengoja mwezi mzima anamfuata huko huko na fomu yake. Mkuu anagonga mhuri juu ya sinia la pilau, punje ya wali inaganda kwenye sahihi. Karani wake kashika padi ya wino kama bibi harusi kashika maua. Dereva kalala garini, mfupa mkononi.

Ofisi haikutajwa. Jina halikutajwa. Lakini karani ni mimi. Nilimsimulia mwenyewe, pale benchini. Akaniuliza kama anaweza kuisema jukwaani. Nikasema sema — kwa sababu nilikuwa nacheka. Nani alinituma kucheka?

Nimemkasirikia marehemu, astaghfirullah. Alipokuwa hai siri ililala. Sasa kila anayemlilia anaiamsha.

Ijumaa, 7 Februari

Dirishani asubuhi mama mmoja kapokea fomu yake, kainusa, kasema Mungu amrehemu, kaondoka. Nikadhani ana mafua. Wa pili akanusa. Wa tatu akafumba macho kabisa. Hiyo ndiyo rambirambi yao! Bwana Abdulwahab katoka chumbani mwake kauliza wananusa nini. Akachukua fomu moja. Akainusa na yeye.

Wamejuaje kuwa ni sisi? Mzee Issa. Jana kwenye khitma mashemeji walikuwa wakisimama mmoja mmoja kumwelezea marehemu, na yeye akainuka akasema yule dereva mwenye mfupa ni yeye. Wamemkumbatia. Wamepiga naye picha. Nikamwambia, Mzee Issa, umetutaja. Kajibu kwamba aliyeingia kwenye kichekesho cha Shemeji hafi tena.

Nilitamani kumpiga, mtu mwenye umri wa baba yangu. Na wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: wivu, kwa sababu yeye analia hadharani. Mimi hata kitambaa cha machozi nakifichia bafuni.

Jumatatu, 10 Februari

Kikao. Mlango umefungwa. Mkuu hakupaza sauti, bora angepaza. Kasema Chalinze tulikuwa watatu. Yeye hakumsimulia mtu. Kisha akanitazama.

"Adila najua hana mdomo huo."

Akaniagiza nichape barua: Issa ajieleze ndani ya siku mbili kwa nini mkataba wake usisitishwe, kwa kutoa siri za ofisi. Nimeichapa. Sikukosea herufi hata moja.

Kinachoniudhi zaidi — kichekesho chenyewe kinamtoa hatiani. Dereva kalala, soksi kaionaje? Ila mkuu huzima simu akifika kwenye sinia. Kwa dereva hajawahi kufika. Ningemwambia tu asikilize mpaka mwisho. Halafu angebaki mtu mmoja.

Jumanne, 11 Februari

Mkuu kaniita. Amepoa. Issa akikiri kwa maandishi na kuomba radhi, yatakwisha, atapewa onyo. Nimshauri, maana mimi ananisikiliza. Nimetoka nina furaha. Kwenye ngazi nikaionea haya ile furaha.

Alisema yatakwisha. Mkataba hakuutaja.

Jumatano, 12 Februari

Nimemshauri. Hataki.

"Mwanangu, siombi radhi kwa nisilolitenda. Nilikuwa nimelala. Usingizi wangu wenyewe umenunuliwa tiketi, hukusikia?"

Nikamkumbusha mkataba. Nikamkumbusha wanawe wawili walioko sekondari. Kasema hao ndio hasa hataki wasome kwamba baba yao msaliti. Akaomba nimwandikie mimi, nina Kiswahili kizuri. Niseme kweli tupu: Issa hakusema. Miwani yake kaikalia jana imevunjika, hawezi kusoma, lakini hilo halina neno. Mimi niandike, yeye atatia sahihi. Akawa anakunja mikono ya shati aende kutawadha. Mlangoni akageuka.

"Hivi nani alimwambia yule kijana?"

Akatoka.

Barua inatakiwa saa tisa na nusu. Nimeandika kama alivyotaka. Mistari minne, safi. Mstari wa tano ungetaja jina, na si lake. Sikuuandika. Na bila huo, minne yote inamwuliza mkuu swali lile lile la mlangoni.

Nikaandika nyingine. Mimi Issa, nakiri. Imetoka vizuri mno, kama niliyekuwa nayo kichwani siku zote. Nimejiambia ni kwa faida yake. Onyo tu. Mkataba unabaki, watoto wanasoma.

Amerudi. Amesimama dirishani, anaomba kalamu, anauliza kama tayari. Nimemjibu namalizia. Anadhani ninachoandika sasa hivi ni barua yake. Anasimulia kwamba mashemeji wa Dar wanakuja tena Jumapili, wanataka akae mbele.

Karatasi zote mbili ziko chini ya kiwiko changu. Ile ya radhi iko juu. Sikumbuki kuiweka juu. Kalamu nimempa. Ameshaingiza mkono dirishani, anashika ncha ya karatasi, ananiuliza atie sahihi wapi, na mimi nainua kiwiko.