Matumbawe Dirishani, Same

Jumapili, 1 Septemba 1974
Nimeyalisha matumbawe yangu ya tangi la kioo unga wa dagaa, kidogo tu. Nimepiga pampu ya baiskeli dakika ishirini, maji yapate hewa. Matumbawe yamefunguka yote kama maua: kijani, rangi ya chungwa, na lile la zambarau ambalo walimu wenzangu wanadai nimelipaka. Jiwe moja, vinywa kama sitini. Walisema kitu cha bahari hakiishi Same. Huu mwezi wa nne. Mwalimu wa biolojia ni mimi, si wao.

Jumatatu, 2 Septemba
Mama anateremka kesho kutwa kutoka Mbaga. Anakaribia sabini na hajawahi kuona bahari. Jumamosi lazima apande basi arudi: baragumu limeshapigwa, kuna msaragambo wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa la kijiji, na bila ndiva mashamba hayapati maji. Mama hakosi kazi ya kijiji. Siku mbili na nusu zinamtosha kuona. Nataka aone.

Jumanne, 3 Septemba
Kutwa shamba la ujamaa na wanafunzi. Jua, upepo mkavu. Nimekuta maji ya tangi yamepungua vidole vitatu. Nimejazia maji ya bahari, kama kawaida. Debe la mwisho hilo. Kaka, kondakta wa treni ya Tanga aliyekuwa akiniletea, amehamishiwa Tabora. Hakuna jiwe lingine. Sina wasiwasi.

Jumatano, 4 Septemba
Yamefumba. Yote.
Mama amefika, shikamoo, marahaba, moja kwa moja dirishani. Ameona jiwe la kahawia. "Ni zuri," amesema, kwa adabu. Nimeona aibu.

Alhamisi, 5 Septemba
Bado. Nimeweka kivuli, nimepiga pampu mpaka mkono ukafa ganzi, nimeongeza maji ya bahari yaliyobaki kwenye debe. Mengine yanatoa utando. Nina hasira na kila mtu.
Jioni Mama, akichambua maharage, amekwangua ukoko mweupe ukingoni mwa kioo. "Mwanangu, makande yakikaukiwa, unaongeza maji au chumvi?"
Maji hukauka, chumvi hubaki. Ninafundisha hilo Kidato cha Kwanza! Mjinga mimi. Mama alikuja na dumu la maji ya mlimani, eti ya Same hayafai kwa chai. Nimechota kopo la tangi, nimetia kopo la mlimani. Taratibu.

Ijumaa, 6 Septemba
Kopo asubuhi, kopo mchana, kopo jioni. Hakuna kitu. Sikula. Mama amefunga mzigo. Basi lake kesho saa tatu.

Jumamosi, 7 Septemba
Saa moja asubuhi, manne yamefunguka. Kisha kumi. Kisha niliacha kuhesabu. Mama alivuta benchi, akatazama mpaka chai ikapoa. Nilimweleza mawimbi, kina, kupwa na kujaa, yote niliyosoma. Akaniuliza kama bahari yenyewe inanuka hivi.
Nikamwambia ukweli. Sijui, Mama. Sijawahi kufika.
Akasogea kwenye benchi, nikakaa.