Kabichi za Vumbi la Mgodi

Bibi Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika,

Mimi ni mtunza bustani hapa Parklands, na nasema bila haya kwamba kutoka hapa hadi Westlands hakuna mwenye kabichi kama zangu, moja tu inajaza karai, tajiri wangu huleta wageni kuzitazama nami nasimama pembeni kifua mbele, lakini siri yake ni magunia manne ya vumbi jeupe nililochota nyumbani kwenye mabaki ya mgodi wa dhahabu nilikokuwa nasaga mawe, na sasa Jumapili baba mkwe anakuja kwangu mara ya kwanza, nami nilikwisha kumwandikia kwamba kuku atamla kwa desturi lakini kabichi atazila aone mwanamume aliyemwoa binti yake, ila mke wangu Nakhumicha amekataa kuzikata, anasema, "Baba Selpher, si wewe uliniambia mbuzi walikufa kwa kunywa maji ya pale mgodini?" na kweli niliwaona, tena dawa ya kukamatia dhahabu, ile zebaki, niliimimina mimi mwenyewe, lakini tumezila mwezi mzima na hatujaumwa, na zile chache nilizopanda nyuma ya jiko kwa samadi tupu ni nzuri, zimepungua ukubwa kidogo tu, sasa nimpe mkwe hizo nionekane mwongo?

Z. Sifuna, Parklands

Bwana Sifuna,

Hongera, mkono wa kulima unao. Akili uliiacha wapi? Umeona mbuzi wamekufa, dawa umeimimina mwenyewe, kisha ukabeba mabaki yale yale ukayatia kwenye chakula cha mtoto wako! Sumu haiangushi kila mtu siku hiyo hiyo. Mshukuru Nakhumicha, tena kwa sauti.

Halafu unasema za samadi zimepungua kidogo tu. Basi aliyezikuza ni nani, vumbi au wewe? Mimi nakuonea fahari wewe.

Leo hii zing'oe zile za vumbi, zifukie mbali na maji, na usimtupie hata kuku. Mwambie tajiri wako, maana naye pengine amezila. Nendeni hospitali mkapimwe, na udongo mpelekee bwana shamba aupime; asiposema ni salama, usipande hapo kitu cha kuliwa.

Jumapili pikeni za nyuma ya jiko. Baba mkwe akiuliza zile kubwa ziko wapi, usimtungie hadithi. Mwambie umezifukia kwa mikono yako, kwa sababu binti yake na mjukuu wake wanakula kwako.