Karatasi za Ukutani

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi ya Elburgon leo inakata masikio. Wamaitha mdogo amekohoa tangu alfajiri, kifua kinapiga filimbi. Mjukuu mwenye jina langu, anayeniita cucu! Nimeziba matundu ya hewa kwa gunia. Halafu nimebandika karatasi zingine ukutani kwa uji wa ngano, vile mama alinifunza. Sasa upepo wa msitu hauna pa kupenya kwa hizi mbao.

Jumatano, 10 Julai

Nyawira, mke wa mwanangu, amekuja kutoka Nakuru kumwona binti yake. Hata chai hajamaliza. Amenusanusa kama mbwa, akabandua karatasi nyuma ya kitanda. Ukungu mweusi, chini mpaka juu. Eti mtoto analala akivuta huo uchafu. Eti nyumba haipumui.

Nikamwambia nyumba ni mbao, si ng'ombe. Bwanako nilimlea humu humu.

"Na mpaka leo anatembea na dawa ya kuvuta, mama."

Mdomo wa huyu msichana.

Alhamisi, 11 Julai

Wametoka kwa daktari. Amesema mtoto asilale hapa mpaka karatasi zitoke na hewa ipite. Na zikibanduliwa asiwe karibu, huo ukungu huruka. Daktari mwenyewe hajawahi kuingia kwangu.

Nyawira akafunga nguo za mtoto. Mtoto alishika leso yangu. Nikamtoa vidole, kimoja kimoja. Wameenda.

Jumapili, 14 Julai

Mwanangu Kinyanjui amepiga simu. Kwao Nakuru mtoto analala vizuri, hakohoi. Nikasema sawa. Nikakata.

Jumanne, 16 Julai

Nimeng'oa gunia. Halafu karatasi. Za ndani zimeoza, zinatoka kama ngozi ya maziwa, na unga mweusi unaruka mpaka kwa macho. Nimefunga kitambaa puani. Kifua changu nacho kinapiga filimbi.

Mlango unagongwa. Ni wao, na hawakusema wanakuja.

"Cucu, fungua."

Nimetia komeo. Nimekaa kitandani, naandika. Nyawira anamwambia mtoto, cucu amenuna, hataki kutuona leo. Mtoto analia, anapiga mlango na kiganja.

Wacha aseme. Unga bado uko hewani. Na nikijibu nitakohoa, naye Nyawira atasikia.

Anagonga tena.