Ukuta wa Inchi Tisa

Jumamosi, Mowlem

Sijawahi kumwambia mtu: siwezi kulala bila kumsikia Shosho, mamake Baba, akikoroma. Tangu utotoni, hapa Mowlem, tunalala chumba kimoja, tumetenganishwa na pazia tu.

Leo msanifu majengo alileta ramani ya nyumba tutakayojenga Kamulu. Yeye na Baba walibishana kuhusu jikoni na choo mpaka kichwa kikaniuma. Kisha msanifu akauliza, "Kati ya chumba cha msichana na cha Shosho, tuweke ukuta mwembamba wa mawe ya inchi sita, ama mnene wa tisa?"

"Tisa," Baba akasema. "Huyu yuko kidato cha nne. Asome bila kelele za Mama."

Shosho akacheka. "Weka hata kumi na mbili! Mimi ni trekta."

Wote wakanitazama. Nilitaka kusema sita, labda ningemsikia kidogo. Nikasema, "Sawa tu." Msanifu akachora mstari mnene.

Nimechoka kusema sawa tu.

Slipa za Baba zinakuja mlangoni. Siku zote mimi huficha shajara hii chini ya mto. Leo nauacha ukurasa huu wazi, asome mwenyewe.

Sita, Baba. Tafadhali.