Viatu vya Nyanya vya Kanisani

Maurine,

Samaki yuko sufuriani. Mfunike vizuri, paka huyu hana adabu.

Nimerudi mbio kuchukua nguo, naenda tena hospitali. Asubuhi nilifungua kile kitambaa mguuni mwa nyanyako, wa kushoto, nikakuta kidonda kimeoza. Kumbe alikanyaga makaa pekupeku siku tuliyochoma mabua shambani. Kwa vile ana sukari, hakuhisi kitu. Daktari anaukata leo.

Vile viatu laini alivyonunuliwa na mjomba wako vilikuwa kabatini. Ni mimi niliyemwambia, "Mama, hivi ni vya kanisani, usivitie matope." Mpigie mjomba umwambie hivyo hivyo, mimi nimeshindwa.

Jioni mletee nyanyako leso mbili na ~~vile viatu~~ kiatu cha kulia.

Mamako