Kigae Cheupe cha Wodini

Jumatatu, 3 Machi

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. Bandeji mpaka kesho. Naandika kwa jicho moja, mistari inapanda na kushuka kama ya mtoto wa chekechea.

Binti yangu ndiye aliyenishika mkono kunirudisha nyumbani, na mimba yake ya miezi tisa. Amenitania njia nzima: baba umetolewa mtoto wa jicho, mimi nasubiri wangu, tuone nani atalia zaidi. Nimecheka mpaka kidonda kikaniuma.

Daktari anasema la kushoto litafuata mwezi ujao. Anasema pia kwamba yote mawili yalikuwa na ukungu wa manjano, miaka miwili au mitatu sasa. Hilo sikulipenda. Mimi ndiye fundi wa rangi, na maabara nzima inaniita Mzee Jicho.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe! Dunia ina bluu nyingi hivi? Shati langu la kazini, nililodhani limefubaa, ni jeupe pe.

Nimerudi maabara. Muuguzi mkuu alikuwa ameleta kigae cha wodini nikikague, kama kila mwezi. Ni kipande cheupe, ukubwa wa kiganja, kinachowekwa kando ya mtoto mchanga anapopigwa picha. Kamera inaamini hicho ndicho cheupe, kisha inapima ngozi ya mtoto ina manjano kiasi gani, maana manjano ikizidi huharibu ubongo. Alama kumi na mbili kwenda juu, mtoto anachomwa sindano apimwe damu. Chini ya hapo haguswi. Ndiyo fahari ya Profesa, mkuu wa maabara aliyeibuni kamera hii: watoto wasichomwechomwe bure.

Nimekitazama kwa jicho la kushoto: cheupe. La kulia: kama jino la mvuta sigara.

Nimemwambia Profesa. Amecheka, amesema jicho jipya lina ushamba wake, nilipe muda wa wiki moja lizoee. Labda. Nimeandika "sawa" daftarini. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 7 Machi

Mjukuu! Msichana. Alizaliwa juzi jioni, kilo tatu kasoro. Nimempakata leo na nikalia, kwa hiyo utani wa Jumatatu nimeshindwa mimi.

Binti alikuwa na wasiwasi kuhusu kamera. Mimi ndiye niliyemshawishi akubali. Alama saba. Akanishukuru mbele ya wagonjwa wenzake, eti baba yake amewaokoa watoto wote hawa na sindano.

Palikuwa na mwanga mzuri dirishani. Nikamtazama mtoto kwa jicho la kulia. Kisha nikalifumba, nikatazama kwa la kushoto. Kwa la kulia alikuwa na manjano. Nilijiambia ni ushamba wa jicho.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Acha niliandike jambo hili hapa, maana hakuna pengine pa kuliandika. Kigae cha wodini kinatakiwa kupimwa kila mwezi kwa mashine, kilinganishwe na kigae mama kinachokaa ndani ya sanduku lililofungwa. Mashine iliharibika mwaka jana. Kuazima nyingine ni usumbufu, na mimi nina jicho! Basi nikawa natazama tu na kuandika "sawa". Miezi kumi na mmoja. Kwa macho yenye manjano.

Leo nimeazima mashine ya kiwanda cha rangi. Nimefungua sanduku. Dawa wanayofutia vigae wodini imekitia kile kigae manjano. Kamera ikiambiwa hicho ni cheupe, inaifuta manjano hiyo kwenye picha nzima, na kwenye ngozi ya mtoto pia. Inapunguza alama tano hivi.

Saba ya mjukuu wangu ni kumi na mbili.

Watoto waliopimwa hivyo ni mia mbili na kumi na nne.

Profesa amesoma namba mara mbili. Amefunga mlango. Alhamisi wanakuja wageni kuamua kama kamera iende hospitali nyingine. Anaomba siku tatu tu. Nikamwambia siku tatu ni nyingi kwa mtoto mchanga. Akaniuliza kwa upole, "Sahihi daftarini ni ya nani?"

Nimempigia binti mara nne. Simu imezimwa. Nikaenda kwake, jirani akasema wamelala, niwaache wapumzike. Nikawaacha! Mtu mzima mimi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini, saa nne asubuhi.

Binti alipiga simu alfajiri. Mtoto analala mno, hanyonyi, lakini nisihangaike, amemrudisha wodini na amepimwa tena na kamera: kumi na moja. Nikaja mbio, kigae mama mfukoni.

Nilimwambia muuguzi mkuu amchome mtoto sindano, apimwe damu. Akakataa. Utaratibu unasema kumi na mbili, na utaratibu niliuandika mimi mwenyewe.

"Mzee, nipe sababu," alisema.

Nikatoa kigae mama, nikakiweka kando ya cha wodini, juu ya shuka. Hakuhitaji mashine. Hakuna aliyehitaji. Mama wa kitanda cha pili alinyanyua shingo akaona.

"Sikukipima," nikasema. "Miezi kumi na mmoja. Niliandika tu."

Binti yangu alisikia. Hakunifokea. Alimkabidhi muuguzi mtoto, akaenda kukaa benchi la mbali. Natamani angenifokea.

Damu imepelekwa. Mtoto yuko chini ya taa ya bluu ya kuondoa manjano, macho yamezibwa. Profesa amepiga mara sita, sipokei.

Muuguzi mkuu amerudi na daftari la wodi, lenye namba za wazazi wote, na simu ya ofisi. Amenipa vyote viwili. "Anza na wa kwanza," amesema.

Wa kwanza hapatikani. Wa pili mzima, anatambaa, mama yake amenishangaa. Nimefarijika kama mjinga.

Simu ya wa tatu amepokea mwanamume. Nimejitambulisha, nimesema natokea hospitali, naulizia hali ya mtoto. Kisha ameniomba nisubiri, amwite mama yake mtoto.

Nasubiri. Nasikia mlango, nasikia kandambili zinakuja. Sauti ya mtoto siisikii.